MAZIWA HAYAZUII MVUKE: HOTUBA YA KAMATI YA TAWI KUHUSU AFYA YA MAFUNDI WA FAIBA

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Hii ni hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi kwenye mkutano wetu wa wanachama. Tunaituma yote kama ilivyosomwa, kwa ajili ya walioshindwa kufika, hasa mafundi waliokuwa kazini. Isomeni, kisha muwasomee na wenzenu gereji.



Ajenda ya leo ni moja. Katika eneo la tawi letu zipo gereji zinazounda bodi za mabasi, shoo za daladala, bampa, deshibodi na mabati ya pembeni kwa kutumia faiba. Kazi hiyo inalisha nyumba nyingi za wanachama: fundi mwenyewe, kijana anayejifunza, mwenye duka la rangi, mama lishe anayewapikia mchana. Miezi ya karibuni maneno yamekuwa mengi. Wapo majirani wanaosema vumbi la faiba linaleta saratani, hivyo gereji zihamishwe. Wapo mafundi wanaosema wamefanya kazi hii miaka na miaka, mwasho ni wa siku mbili tatu, na kila anayetaja afya anataka kuwanyang'anya eneo. Wote hao ni watu wetu. Kamati imeona kuwapatanisha kwa maneno matamu hakutoshi. Tuanze na ukweli wa kazi yenyewe, halafu tuseme tawi linasimama wapi.

*1. Kazi hii ilitoka wapi*

Faiba ni nyuzi za kioo. Kioo kinayeyushwa, kinavutwa kuwa nyuzi nyembamba, nyuzi zinakatwa na kulazwa kuwa mkeka. Mkeka unalazwa juu ya moldi, unalowekwa kwa rezini iliyochanganywa na hadina, unagandamizwa kwa brashi na rola, unakauka. Hapo umepata kitu kigumu, chepesi, kisichoshika kutu.

Mwaka 1953, kwenye mji wa Flint, Michigan, Marekani, kampuni ya General Motors ilitoa gari la Chevrolet Corvette lenye bodi nzima ya faiba. Mwaka huo zilitoka gari 300 tu, na kazi kubwa ilikuwa ya mkono. Sababu moja ya kuchagua faiba ilikuwa gharama. Ukitaka kukunja bati la chuma liwe na umbo la gari, unahitaji mashine kubwa ya kugandamiza na kalibu za chuma za bei mbaya. Faiba inataka moldi, brashi na mikono.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyoileta faiba mtaani kwetu. Kijana asiye na mtaji wa mashine anaweza kuunda bampa la basi chini ya mwembe. Hii ni akili na ni ajira, na tawi linajivunia. Lakini kiwanda kikubwa kikifanya kazi hii kina feni za kuvuta hewa chafu, mafundi wana vinyago maalumu, na vipande vingi siku hizi vinatengenezwa ndani ya kalibu zilizofungwa ili mvuke usitoke. Kwetu ulikuja ujuzi, feni hazikuja. Tatizo letu lipo hapo.

*2. Kinachowasha na kinachodhuru*

Tuanze na hofu ya majirani, maana ni hofu ya haki. Wanaifananisha faiba na asbesto, madini yaliyokuwa kwenye mabati ya zamani ya kuezekea. Asbesto inaua, hilo halina ubishi. Lakini uzi wa asbesto hupasuka kwa urefu, ukawa mwembamba zaidi na zaidi hadi ukaingia ndani kabisa ya mapafu. Uzi wa kioo unaotumika kwenye bodi za magari huvunjika kwa kukatika, ukawa mfupi, lakini unene unabaki uleule. Unene huo kwa kawaida ni kati ya mikroni 9 na 25, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyuzi zinazofika chini kabisa ya mapafu ni zile zisizozidi mikroni 3 hivi. Ndiyo maana mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, walipopitia ushahidi waliuweka uzi wa kioo wa aina hii kwenye kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kusema unaleta saratani kwa binadamu.

Hiyo haina maana kwamba vumbi ni salama. Fundi anapokata kwa grainda au kupiga msasa mkavu, hewani kunaruka vipande vya kioo pamoja na unga wa rezini. Vumbi hilo linachoma ngozi, linawasha macho, linakwangua koo na kuleta kikohozi, na mwenye pumu linamzidishia. Likipeperukia kwenye sufuria ya mama lishe au kwenye nguo zilizoanikwa, jirani ana haki ya kulalamika. Lakini tuliweke mahali pake: vumbi linawasha, na kwa sababu linawasha, kila mtu analiogopa.

Kitu cha kuogopwa zaidi hakiwashi. Ni ile harufu tamutamu kali ya rezini.

Rezini inayotumika sana huku ina kimiminika kiitwacho stairini, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 45 ya uzito wake. Rezini inapopakwa na kusambazwa kwa brashi, sehemu ya stairini inageuka mvuke na fundi anaivuta. Mafundi wanaijua vizuri: kichwa kinauma, macho yanatoa machozi, mtu anachangamka kama aliyekunywa, jioni anachoka kupita kazi aliyofanya. Wengine wanaita kulewa rezini, na tunacheka. Ndugu zetu, si jambo la kucheka. Mvuke huo unagusa ubongo na neva. Kwa wanaouvuta miaka mingi umehusishwa na kupungua kwa usikivu, hasa penye kelele za grainda, na kupungua kwa uwezo wa macho kutofautisha rangi. Na mwaka 2018 shirika lilelile la utafiti wa saratani liliipandisha stairini hadi kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa kwamba inaleta saratani kwa binadamu. Sehemu ya ushahidi uliotazamwa ilitoka kwa mafundi wa kazi kama hii yetu, wakiwemo makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya plastiki na faiba nchini Denmark waliofuatiliwa kwa miaka mingi.

Jambo baya zaidi ni kwamba pua huzoea. Asubuhi unaisikia harufu, saa nne huisikii tena, ukadhani imeisha. Haijaisha, pua ndiyo imechoka. Kwa hiyo fundi anayesema "mimi nimeizoea" hajapata kinga. Amepoteza kengele ya hatari.

Nchi nyingine zimeweka kiwango. Sheria ya Marekani inaruhusu wastani usiozidi sehemu 100 za stairini katika sehemu milioni moja za hewa kwa saa nane za kazi. Taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini inapendekeza 50. Ujerumani ni 20. Viwango hivyo hupimwa kwa vifaa. Hakuna fundi anayeweza kuvipima kwa pua.

Na wanyosha bodi wasidhani hawahusiki. Puti ya kuziba mabonde kwenye bati nyingi nazo zimetengenezwa kwa rezini ya ukoo huohuo, na vumbi la kuipiga msasa linaingia kifuani vilevile.

*3. Hadina na moto*

Kuna hatari mbili ambazo hazisubiri miaka. Zinamaliza mtu siku hiyohiyo.

Ya kwanza ni hadina ya maji. Tone moja la hadina jichoni linaweza kupofusha. Ikitokea, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila kusubiri dawa wala ushauri wa mtu, kisha hospitali mara moja. Hadina isichanganywe kamwe moja kwa moja na dawa ya kuharakisha ya kobalti, kwa sababu vikikutana vyenyewe vinaweza kulipuka. Kobalti inaingia kwenye rezini kwanza na kukorogwa vizuri, hadina inafuata baadaye. Na hadina isiwekwe kwenye chupa za maji ya kunywa au soda. Mtoto anaona chupa, anaona maji.

Ya pili ni moto. Mvuke wa stairini unaweza kushika cheche kuanzia joto la nyuzi 31 hivi. Fikirieni Dar es Salaam ya Januari na Februari, mchana wake unapita hapo. Asitoni na tina za kuoshea brashi zinawaka hata kwenye baridi. Mvuke wa vitu hivi ni mzito kuliko hewa: hautoki juu ukaenda zake, unatambaa chini sakafuni hadi ukutane na kitu. Kwetu unakutana na nini? Unakutana na jiko la mkaa la mama lishe, na mtu wa kuchomelea aliyekaa hatua chache pembeni, na fundi anayevuta sigara. Rezini iliyochanganywa na kubaki kwenye ndoo nayo inajipasha joto yenyewe wakati wa kuganda. Ikiwa nyingi inaweza kutoa moshi na kuwaka. Isitupwe kwenye pipa la taka pamoja na makaratasi. Imwagwe ikiwa nyembamba juu ya mchanga, mahali pa wazi, hadi iwe baridi.

*4. Kuhusu maziwa*

Ndugu wanachama, hapa tutasema wazi. Zipo sehemu za kazi ambako kinga pekee anayopewa kijana wa faiba au wa rangi ni pakiti ya maziwa. Anakunywa, anaambiwa yatasafisha kifua.

Maziwa ni chakula kizuri, mwenye uwezo ayanywe. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, na mvuke unakwenda kwenye mapafu na kutoka hapo unaingia kwenye damu. Hayakutani njiani. Pakiti ya maziwa inampa mwajiri amani ya moyo kwa bei ndogo na kumwachia kijana sumu yote. Barakoa ya hospitali nayo haizuii mvuke. Inapunguza vumbi kidogo, mvuke unapita kama hewa nyingine. Kinachozuia mvuke ni kinyago cha mpira kinachobana uso, chenye vichujio vya mkaa, na vichujio hivyo vinachoka, lazima vibadilishwe.

Hata kinyago ni ngao ya mwisho. Kabla yake yapo mambo ambayo karibu kila gereji inaweza kuanza kuyafanya:

• Kazi ya kupaka rezini ifanyike mahali pa wazi upepo unapopita, fundi akiwa upande unakotokea upepo. Ndani ya chumba iwepo feni ya kutoa hewa nje, ikiwekwa chini, mvuke ulipo.
• Ndoo ya rezini, tina na asitoni zifunikwe kila zisipotumika.
• Msasa uwe wa maji inapowezekana. Grainda itumike mbali na chakula na watu.
• Kuchomelea, jiko na sigara vikae mbali. Ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu.
• Miwani ya kufunika macho na glovu zivaliwe wakati wa kuchanganya. Mikono isioshwe kwa tina wala asitoni, kwa sababu vinaondoa mafuta ya ngozi na kupenya. Ioshwe kwa sabuni na maji mengi.
• Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe peke yake. Mtoto anayempokea baba mlangoni asipokee na nyuzi za kioo.

*5. Sheria inasemaje*

Tunasikia mafundi wakisema sheria ya usalama kazini ni ya viwanda vikubwa tu. Sivyo. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA. Sheria hiyo inamtaka mwajiri kusajili sehemu ya kazi, kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kinga, na kuhakikisha wanapimwa afya. Kinga ni jukumu la mwajiri. Kumwambia kijana ajinunulie glovu kwa posho yake ya siku ni kumpa mzigo usio wake.

Tunayo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Unahusu ajali na unahusu magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini fundi asiye na mkataba, asiye na jina kwenye orodha yoyote, akiumwa atathibitisha vipi alikuwa anafanya kazi wapi? Ndiyo maana tunasema karatasi ya ajira nayo ni kifaa cha kinga.

Na kuhusu watoto: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtoto chini ya miaka 18 kufanya kazi kwenye mazingira hatarishi, na imetaja wazi kwamba hata sehemu zisizo rasmi zimo. Kijana wa miaka 15 anayekoroga rezini hajifunzi ufundi. Anavunjiwa sheria, na wazazi tuliokaa hapa tunamwona kila siku.

*6. Msimamo wa tawi*

Baada ya kuyapima haya yote, Kamati inaleta msimamo ufuatao mbele ya wanachama.

Kwanza, tunapinga kufukuzwa kwa gereji za faiba kwa kisingizio cha afya. Gereji ikihamishwa bila feni, bila maji na bila kinyago, sumu imehama pamoja na fundi, na majirani wapya watailalamikia kesho. Mwenye kiwanja anayetaka kupandisha kodi asijifiche nyuma ya mapafu ya watoto wetu.

Pili, tunapinga vilevile fundi kusema "niacheni nitafute riziki" huku vumbi lake likiingia kwenye uji wa jirani. Riziki ya mmoja isiwe kikohozi cha mwingine. Kila gereji ijitengee sehemu ya msasa na grainda mbali na wapishi na nyumba, na wanaochomelea wakae mbali na rezini.

Tatu, tunamwomba diwani wetu apeleke hoja kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ili litengwe eneo la viwanda vidogo lenye maji, umeme wa uhakika na barabara, mafundi wenyewe wakishirikishwa tangu kuchora ramani. Hadi eneo hilo lipatikane, mafundi wabaki walipo kwa masharti tuliyoyataja.

Nne, tawi litawaandikia OSHA kuwaomba waje kutoa elimu kabla ya kuja kukagua. Mafundi wanaogopa mkaguzi kwa sababu mara nyingi wanamfahamu kwa faini tu. Waanze kumfahamu kwa mafunzo. Lakini baada ya elimu, mwajiri atakayeendelea kugawa maziwa mahali pa vinyago, tawi halitamkingia kifua, hata akiwa na kadi ya Chama.

Tano, vijana mjiunge kwenye vikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vijana wana asilimia 4. Kikundi cha mafundi kinaweza kuombea feni za kutoa hewa, mashine ya msasa yenye kuvuta vumbi na vinyago vya kutosha. Katibu wa tawi na viongozi wa vijana watasaidia kuandika maombi, bila malipo yoyote. Atakayeombwa hela aje atuambie.

Sita, wenye mabasi na daladala mlio wanachama wetu: mnapopatana bei ya shoo au bampa, ulizeni mafundi wanavaa nini. Mkimkandamiza mwenye gereji hadi shilingi ya mwisho, atakapopunguzia ni kwenye kinyago cha kijana.

Mwisho, tunaomba wanachama wasiwapige picha mafundi na kuzisambaza kwenye makundi kwa kuwadhihaki au kuwatisha. Mwenye lalamiko alilete kwa balozi wa shina lake, na Kamati italifikisha gereji kwa heshima na kurudisha majibu.

Ndugu wanachama, bodi ya basi ikipasuka inazibwa kwa mkeka na rezini, kesho gari linarudi barabarani. Kifua cha fundi hakina moldi ya kukiunda upya. Chama kinachosema ni cha wafanyakazi kinapaswa kujua hewa wanayovuta wafanyakazi wake.



*Imetolewa na Kamati ya Tawi.*
_Maswali na maoni yapelekwe kwa mabalozi wa mashina. Orodha ya mafundi wanaotaka kuingia kwenye vikundi ipo kwa Katibu, ofisi ya tawi, kila jioni baada ya saa kumi na moja. Mtumie na mwanachama mwenzako._